Fundi, Hizo Linki Umezipeleka Wapi?

Simama jioni karibu na tuta lolote la Dar es Salaam, pale magari yanapopunguza mwendo kwa foleni, halafu sikiliza. Katika kila magari kumi, hutakosa mawili au matatu yanayopita yakipiga ko-ko-ko kama mtu anagonga mlango wa jirani kwa adabu. Mwenye gari kaongeza sauti ya redio. Abiria kazoea. Na kesho kutwa fundi atapewa elfu kumi, ataingia uvunguni, atatoka na vyuma viwili vifupi vyenye mafuta meusi, na kelele itakwisha. Kila mtu atafurahi.

Vyuma hivyo viwili vinaitwa linki za stabilaiza. Leo nataka kuandika habari zao na za baba yao, stabilaiza yenyewe. Najua wengine mmekuja hapa mkitegemea siasa. Siasa zipo, hazikimbii. Tusogee kidogo uvunguni mwa gari.

Stabilaiza ni nondo ya chuma cha springi iliyokunjwa mfano wa herufi U pana. Katikati imeshikwa kwenye fremu ya gari kwa bushi mbili za mpira, ambazo zinairuhusu izunguke. Ncha zake mbili zimefungwa kwa linki, moja kwenye mguu wa kulia na nyingine kwenye mguu wa kushoto. Basi, hiyo tu. Haina mota, haina waya, haina taa kwenye dashibodi.

Kazi yake ni hii. Ukikata kona kushoto, mwili wa gari unalalia kulia. Tairi la kulia linapanda kuelekea kwenye bodi, la kushoto linaning'inia. Ncha moja ya stabilaiza inasukumwa juu, nyingine inavutwa chini, na nondo nzima inasokotwa kama unavyokamua dekio. Chuma hakipendi kusokotwa, kwa hiyo kinarudisha nguvu, na gari linapunguza kulala. Lakini ukipita kwenye tuta na matairi yote mawili yakapanda pamoja, nondo inazunguka tu ndani ya bushi zake na haisemi neno. Ndiyo sababu wahandisi wanaipenda: unaweza kuacha springi ziwe laini kwa ajili ya barabara mbovu, halafu kwenye kona gari lisilale kama jahazi lililopigwa na upepo wa ubavuni.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mmoja wa watu wa kwanza kupata hataza yake ni Mkanada aliyeitwa Stephen Coleman, wa mji wa Fredericton, mwezi Aprili 1919. Zaidi ya miaka mia imepita na nondo ni ile ile.

Kama mwandishi wa habari, kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya ni cha Sweden, Oktoba 1997. Mercedes-Benz walikuwa wametoa gari lao dogo la A-Class, jipya kabisa. Gazeti la magari la huko, Teknikens Värld, likalichukua kulijaribu. Robert Collin akaliendesha kwenye jaribio la kukwepa ghafla: unakata kushoto kama unayekwepa mnyama barabarani, kisha unarudi kulia upesi kwenye njia yako. Gari likapinduka. Kampuni kubwa yenye jina lake, na mwandishi mmoja mwenye usukani! Mwanzoni kampuni ilijitetea, lakini mwishowe iliyarudisha magari, ikarekebisha miguu yake na kuweka kwa kila A-Class mfumo wa elektroniki unaozuia gari kuserereka, kitu ambacho wakati ule kilikuwa cha magari ya bei mbaya. Pale Sweden mnyama anayehofiwa ni yule mkubwa wa jamii ya kulungu, mwenye pembe kama makoleo. Sisi tunayo barabara kuu ya kwenda Iringa, ambayo kwa takriban kilomita 50 inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Huko anayekatiza anaweza kuwa nyati. Au tembo.

Sasa nije kwangu.

Gari langu ni Impreza iliyotumika Japani kabla haijanifikia, ile isiyo na taba. Si gari la mashindano. Nililinunua kwa mshahara wa ripota na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa cha pale ofisini, na kwa hiyo kila kinachofungwa humo nakihesabu mara mbili. Kazi yangu inanitoa mjini: leo Chalinze, kesho Morogoro, keshokutwa mtu kanipigia simu kutoka Korogwe. Kabla ya kufikiria stabilaiza nilishabadilisha matairi manne, shokapu nne na boljointi za mbele. Nilipomaliza hayo, gari lilikuwa zima, ila lilikuwa na tabia moja: ukiingia kona kwa haraka kidogo, pua inang'ang'ania kwenda mbele wakati wewe umeshageuza usukani. Watengenezaji wanaliacha gari hivyo makusudi, kwa sababu dereva wa kawaida akitishika huachia mafuta, na pua inarudi yenyewe. Mimi nilitaka pua inisikilize zaidi.

Dawa ya kawaida ya tabia hiyo ni stabilaiza nene zaidi ya nyuma. Zipo za kampuni zinazotengeneza vifaa vya miguu ya gari, kama Whiteline ya Australia na Cusco ya Japani. Yangu niliipata Ilala, imetumika, kwa mtu aliyekuwa anauza gari lake vipande vipande. Ya kiwandani nilipoipima kwa vanieri ilisoma milimita 17. Mpya, 20.

Utasema: milimita 3 ndiyo za kukufanya uandike ukurasa mzima? Hapa ndipo hesabu ya sekondari inapolipa. Ugumu wa nondo kukataa kusokotwa unakwenda kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha nne. Chukua 17, izidishe yenyewe mpaka ziwe 17 nne: unapata 83,521. Fanya hivyo kwa 20: unapata 160,000. Kwa urefu na umbo lile lile, nondo ya pili ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Milimita 3 tu. Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini baadhi ya stabilaiza za kununua zina uwazi ndani kama bomba: chuma cha katikati kinachangia uzito mwingi lakini ugumu kidogo. Nondo ya milimita 22 yenye uwazi wa milimita 16 ndani inabakiza takriban asilimia 72 ya ugumu, kwa uzito usiofika nusu.

Mzee anayenitengenezea gari, gereji yake ipo Ilala chini ya mwarobaini, alipoiona aliigeuza-geuza mikononi.

"Hii umeambiwa itakufanyia nini, kijana wangu?"

"Gari lisilale kwenye kona, mzee."

"Na ukishaona halilali, utaongeza mwendo au utabaki pale pale?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kupiga kutu kwa brashi ya waya pale bushi zinapokaa.

Swali la mzee yule ndilo moyo wa jambo hili, nami naomba tulikalie kidogo. Kwenye kona, uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda matairi ya nje. Uzito unaohama kwa jumla unategemea gari ni refu kiasi gani kwenda juu, miguu yake imetanuka kiasi gani, na wewe umeingia kona kwa kasi gani. Stabilaiza haipunguzi jumla hiyo. Inachofanya ni kuamua mguu upi ubebe mzigo zaidi, wa mbele au wa nyuma. Ukikaza nyuma, matairi ya nyuma yanachukua sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo na ya mbele yanapata nafuu, ndiyo maana pua inatii. Lakini hiyo nafuu umeikopa kutoka nyuma. Ukikaza kupita kiasi, tairi la ndani la nyuma litanyanyuka, na kwenye lami yenye mvua mkia utakupita mlangoni na kukusalimia. Ukikaza mbele peke yake, unapata kinyume chake: gari litaonekana halilali, lakini pua itazidi kuwa kaidi.

Jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kulala kwa gari ni lugha. Gari linapolala linakuambia, bwana, tunakaribia. Ukifunga nondo nene, linasema kwa sauti ndogo zaidi, ila ukingo wa shimo uko karibu na pale pale ulipokuwa. Aliyebadilisha stabilaiza ili akimbie na aliyebadilisha ili gari limsikie wamenunua chuma kimoja, lakini hawakununua kitu kimoja.

Na barabara zetu nazo zina neno. Nondo nene inaunganisha tairi la kulia na la kushoto kwa nguvu zaidi. Shimo likimeza tairi moja, tairi la pili linapata habari, na vichwa vya abiria vinayumba kulia na kushoto. Kwenye vumbi ni mbaya zaidi, kwa sababu kila tairi linataka uhuru wa kulitafuta bonde lake. Magari ya mbio za changarawe, kama yale ya Safari Rally kule Kenya, hayatafuti ugumu wa aina ile unaotafutwa kwenye viwanja vya lami. Kwa hiyo kama njia yako ya kila siku ni ya Goba ndanindani au Kinyerezi kwenye makorongo, weka fedha yako kwenye shokapu na matairi.

Haya, nilisema habari ni ya linki. Tumefika.

Kaka yangu mkubwa ana IST na anafanya teksi ya mtandao. Gari lile ndilo linalolisha nyumba yake na linasomesha watoto wawili. Miezi kadhaa nyuma lilianza ko-ko-ko. Abiria wakalalamika, nyota zikashuka. Akaenda kwa fundi wa karibu, fundi akatoa linki zote mbili za mbele, akampa ndani ya mfuko wa rambo. "Hizi si za lazima, gari linatembea." Na kweli lilitembea. Kelele ikaisha, nyota zikapanda.

Mimi niligundua kwa bahati siku moja aliponipa lifti. Tulipoingia mzunguko, IST ililala nikashika mlango.

"Kaka, hii gari ina stabilaiza kweli?"

"Ipo. Linki ndizo zimetoka."

"Tangu lini?"

"Dogo, mimi nashinda kwenye usukani saa kumi na nne. Wewe unashinda kwenye kompyuta. Usinifundishe gari."

Nikanyamaza. Mkubwa ni mkubwa.

Tatizo ni kwamba mwezi uliofuata kulikuwa na arobaini ya shangazi yetu, Lushoto. Mama alikuwa aende, na kaka alishaamua kwamba tutatumia IST kwa sababu ya mafuta. Kama hujapita barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ni kilomita 30 na ushei za kupanda Usambara: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona moja haijaisha kukuaga nyingine imeshakupokea. Mabasi yanashuka kwa honi. Ghafla bodaboda lenye mzigo wa kabichi linatokea upande wako. Kule kukwepa na kurudi kwa Robert Collin, kule ni jambo la asubuhi na mapema.

Nimeandika habari nyingi za ajali kwa umri wangu. Sentensi ya mwisho karibu kila mara ni ile ile: chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Sijawahi kuandika habari ambayo mtu aliingia uvunguni mwa gari lililoanguka kutazama kama lilikuwa na vyuma vyake vyote. Sisemi ajali hizo zililetwa na linki, sina ushahidi na siandiki nisichokuwa nacho. Nasema tu kwamba sikuwahi kusikia swali hilo likiulizwa. Na gari ambalo stabilaiza yake imeachiwa haliwaki taa yoyote. Linaenda sokoni, linaenda shule, linaenda Kibaha. Siku litakapoulizwa ni ile nusu sekunde ya kukwepa, na jibu lake litakuwa tofauti na lile aliloandika mhandisi.

Nikampigia kaka. Nikamwambia linki mpya nitanunua mimi, zote mbili, na ufundi juu yangu. Anachotoa yeye ni saa moja ya Jumamosi. Akakasirika. Akasema namfanya aonekane mbele ya mama kama mtu asiyejali. Nikamwambia mama hajui na hatajua. Kulikuwa na ukimya mrefu, nikasikia mtoto akilia nyuma yake. Kisha akasema, "Saa moja tu. Jumamosi ni siku ya harusi, nina wateja."

Kwa mzee kazi haikufika hata hiyo saa. Linki na ufundi havikufika elfu 60. Mzee alinyanyua mbele yote kwa pamoja, si tairi moja, akamwonyesha kaka sababu: ukinyanyua upande mmoja nondo inasokotwa, tundu halikutani na bolti, na fundi mwenye haraka atatumia nyundo. Akabadilisha na bushi za katikati, zilikuwa zimeliwa mpaka mwanga unapita. Kaka alichuchumaa pale akatazama mpaka mwisho. Hakusema asante wala nini. Alipokwenda kulijaribu, alirudi baada ya dakika kumi, akazima gari, akakaa kidogo ndani peke yake. "Nilikuwa nimeshasahau lilivyokuwa," akasema.

Tulikwenda Lushoto. Aliendesha yeye. Mama, ambaye kwenye njia ile kawaida hushika ndimu puani toka Mombo, alilala mpaka Soni.

Kwa wanaopenda vitu vya kukata na kushika, haya ndiyo ninayoyafuata kwenye gari langu.

Kelele kwanza. Ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa taratibu mara nyingi ni linki. Nyanyua mbele yote, shika linki kwa mkono, itikise. Ikiwa na mchezo, imekwisha. Badilisha zote mbili hata kama moja bado inajikaza. Mlio wa kukwaruza kama kitanda cha zamani ni bushi kavu.

Bushi ziwe na kipenyo cha nondo yako. Ukiongeza nondo kutoka 17 kwenda 20 ukabaki na bushi za 17, hujafanya kitu. Zile ngumu za polyurethane hudumu na hazilegei haraka, lakini zinadai grisi yake maalumu, na ikikauka zitapiga kelele. Bushi za mpira wa kawaida usizipake grisi ya petroli ya beringi; inaula mpira. Ziache kavu au tumia ya silikoni.

Kama nondo yako ina matundu mawili au matatu kila ncha, tundu linalofupisha mkono linakaza zaidi. Anza na laini. Na hakikisha kulia na kushoto ni tundu lile lile, la sivyo gari litakuwa na tabia mbili, moja kwa kona za kulia na nyingine kwa za kushoto.

Baada ya kilomita mia chache rudi ukakague nati na vishikio kwenye fremu. Nondo nene inavuta vishikio hivyo kwa nguvu ambayo havikuzaliwa nayo, hivyo tazama kutu na nyufa. Mimi hutazama kila ninapobadilisha oili, kwa tochi ya simu, dakika tano.

Mwisho, fundi akikutolea kitu kwenye gari akakupa mkononi akasema si cha lazima, usimgombeze. Pengine na yeye alifundishwa hivyo, na wewe mwenyewe ulimwambia huna fedha na una haraka. Muulize tu kilikuwa kinafanya kazi gani. Akikosa jibu, usikitupe kile kipande. Kiweke kwenye buti na umtafute mwingine.

Kaka sasa anawauliza madereva wenzake wa kijiweni kama linki zao zipo. Wanamwita fundi. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mmoja wao, kwa sauti ya mtu aliyesomea, kwamba milimita 3 si mchezo.